Mwenye Kujiajiri Asijifanye Mtumwa

Mtu akisimama Matema, mahali ambapo Milima ya Livingstone inashuka hata kuyakaribia maji ya Ziwa Nyasa, ataona kazi nyingi zisizo na msimamizi. Siku ya Jumamosi wanawake wa Kikisi wa Ikombe huleta vyungu kwa mitumbwi katika soko la Lyulilo, vyungu walivyovifinyanga kwa mikono yao wenyewe. Wavuvi waliokesha ziwani kwa mwanga wa taa, wakivua usipa katika usiku usio na mbalamwezi, huanika samaki wao juani. Ukielekea Ipinda na mji wa Kyela wakuta mashamba ya mpunga, ambao mchele wake wasifiwa nchi nzima kwa harufu yake nzuri, na miti ya kakao chini ya kivuli cha migomba. Na ukifika Kasumulu, kwenye mpaka wa Malawi, wawakuta wachuuzi, washonaji, mafundi wa baiskeli, mama lishe na vijana wa bodaboda.

Watu hawa wote wanafanana kwa jambo moja. Hakuna kengele ya kuwaita kazini wala ya kuwaambia kwamba kazi imekwisha. Hakuna bwana wa kuwalipa mwisho wa mwezi, wala wa kuwafukuza. Kila mmoja wao ni bwana na mtumishi kwa wakati mmoja. Wengi wa wasomaji wetu, katika kila mkoa, wamo katika hali hiyo hiyo, na vijana wetu wanaomaliza shule wanahimizwa kila siku kuingia humo. Ni njia njema. Lakini ina mtego wake, na mtego huo ndio tunaotaka kuutazama leo.

Mtego wenyewe ni huu: mtu anayejiajiri aweza kumpata bwana mkali kuliko wote, naye ni nafsi yake mwenyewe.

Tutazame kwanza sheria ya nchi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kwamba kazi ya kawaida ya mwajiriwa isizidi saa 45 kwa juma, wala saa 9 kwa siku. Yampa mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mama aliyejifungua hupewa siku 84 za likizo yenye malipo. Sheria hii ni njema, nayo imepatikana baada ya wafanyakazi wa mataifa mengi kuteseka muda mrefu. Lakini mama auzaye usipa ufukweni hana mwajiri ambaye sheria itamshika. Akijifungua leo na kurudi mezani pake baada ya siku 10, hakuna wa kushtakiwa. Kijana wa bodaboda akiendesha saa 16 kwa siku, siku 7 kwa juma, hakuna mkaguzi wa kumwuliza. Kwa hiyo, mahali ambapo sheria ya serikali haifiki, dhamiri haina budi kufika.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ameanza kupika chakula karibu na stendi. Mwanzo alifungua asubuhi akafunga saa nane mchana. Wateja wakaongezeka, akaanza kuamka saa kumi alfajiri apate kukaanga vitumbua, na jioni akaongeza wali na samaki kwa ajili ya wasafiri. Baadaye akaona kwamba Dominika watu hupita kwa wingi, basi akaacha Misa, kwanza mara moja moja, kisha kabisa. Binti yake wa miaka 13 akawa msaidizi wake, na kwa sababu ya usingizi akawa anasinzia darasani. Baba wa nyumba akirudi hula chakula kilichofunikwa, peke yake. Siku ya zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwao, mama hayupo. Biashara imekua, hatukatai. Kisha homa ikamshika, maana malaria ya mwambao haiheshimu mwenye shughuli nyingi. Naye akaipuuza wiki mbili kwa kuwa hakutaka kufunga meza. Alipolazwa hospitali, mtaji wote ukaisha kwa matibabu.

Je, mama huyu ni mwenye tamaa? Hata kidogo. Alianza kwa ajili ya watoto wake. Kosa lake ni kwamba hakuweka mpaka tangu mwanzo, na kazi isiyo na mpaka ni kama mto Kiwira wakati wa masika: hauombi ruhusa ya kuingia shambani.

Kanisa limesema nini juu ya kazi? Limesema mengi, tena kwa miaka mingi. Baba Mtakatifu Leo XIII alitoa barua yake Rerum Novarum mwaka 1891, akatetea haki ya mfanyakazi kupata ujira wa kutosha na muda wa kupumzika. Mwaka 1961 Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika barua Mater et Magistra, aliwaangalia kwa namna ya pekee wakulima wa familia, mafundi wa mikono na vyama vya ushirika, akataka wasaidiwe na walindwe. Na mwaka 1981 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua Laborem Exercens, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi. Fundisho hilo latosha kutundikwa juu ya mlango wa kila duka na kila karakana. Kazi inayomfanya mama awe mgeni kwa watoto wake imegeuza mambo juu chini: mtu sasa yupo kwa ajili ya meza ya vitumbua.

Na tusisahau kielelezo chetu. Mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pio XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Yosefu alikuwa fundi wa kijijini. Alikuwa na wateja, na bila shaka wengine walichelewa kumlipa. Hata hivyo Injili yatuonyesha kwamba kila mwaka yeye na Maria walisafiri kwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka, safari ya siku kadhaa kwenda na kurudi. Karakana ilibaki bila fundi. Yosefu alijua kwamba Mungu anayemlisha akiwa kazini ndiye huyo huyo anayemlisha akiwa njiani kwenda hekaluni.

Lakini watu wa mwambao wa Nyasa wana hekima nyingine ya kwao, nayo yafaa ijulikane na taifa zima. Katika lugha ya Kinyakyusa liko neno ukwangala. Maana yake ni kukaa pamoja na wenzako kwa furaha, kula pamoja, kuzungumza na kufundishana adabu kwa mazungumzo hayo. Mtaalamu Monica Wilson, aliyefanya utafiti katika nchi hiyo pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kitabu kilichotolewa mwaka 1951 juu ya vijiji vya marika vya Wanyakyusa, na jina lake, Good Company, lahusu jambo hilo hilo. Vijana wa rika moja walijenga pamoja, wakakaa pamoja na kuzeeka pamoja. Mtu aliyekula peke yake alitazamwa kwa mashaka. Vijiji vya namna ile havipo tena, wala hatusemi virudishwe. Lakini wazee wale, ambao walilima na kufuga kwa bidii kubwa, hawakuhesabu kukaa na wenzao kuwa ni kupoteza wakati. Kwao, mwenye ng'ombe wengi asiye na wa kukaa naye hakuwa tajiri.

Huenda msomaji fulani atauliza: "Nikipumzika, nitakula nini?" Swali hili ni la haki, wala hatutaki kulijibu kwa maneno matamu. Mtu mwenye mshahara akipumzika, mshahara waendelea. Mchuuzi akipumzika, hapati kitu siku hiyo. Tena samaki hawangoji: usipa usioanikwa leo huoza kesho. Kanisa lenyewe latambua jambo hili. Katekisimu yake ya mwaka 1992 yafundisha kwamba mahitaji ya familia au huduma kubwa kwa watu yaweza kumruhusu mtu kufanya kazi Dominika, ila tu ruhusa hiyo isigeuke mazoea yenye kudhuru ibada, maisha ya jamaa na afya. Basi mvuvi ambaye wavu wake umepata samaki alfajiri ya Dominika, akawaanika kisha akaenda Misa, hana kosa. Kosa huanza pale ambapo haja ya siku moja imekuwa desturi ya mwaka mzima, na mtu hajiulizi tena kama haja hiyo ingaliko.

Tupeleleze basi ni nini kinachomsukuma anayejiajiri hata asipumzike. Tunaona mambo matatu.

La kwanza ni hofu. Mapato ya mwambao huja kwa msimu. Mpunga huvunwa mara moja, na mvua za masika zikizidi mito hufurika na kuharibu. Mwenye hofu hukusanya bila kukoma, naye haoni kamwe kwamba amefikia kiasi cha kutosha.

La pili ni deni. Mtu aliyekopa kwa riba kubwa hafanyi kazi kwa ajili ya nyumba yake bali kwa ajili ya mkopeshaji. Na mkulima anayeuza kakao yake ingali mtini, kwa bei ndogo, kwa sababu ya shida ya leo, amekwisha kuuza pia mapumziko yake ya kesho, maana msimu ukifika atavuna mali ya mwingine.

La tatu ni kiburi, nacho hujificha vizuri. Ni ile fikira kwamba pasipo mimi hakuna kitakachokwenda. Musa mwenyewe aliipata hali hiyo, kama tusomavyo katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 18. Alikaa kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, na mkwewe Yethro alipomwona alimwonya kwamba atajichosha yeye na watu wake pia. Akamshauri achague watu waaminifu wa kumsaidia, wamletee yeye mambo makubwa tu. Musa, aliyesema na Mungu, hakuona haya kusikia shauri la mzee mfugaji. Sisi nasi tusione haya.

Baada ya kuujua ugonjwa, tuseme sasa juu ya dawa. Twaleta mashauri matano, nayo yawezekana hata kwa mwenye mtaji mdogo.

Kwanza, weka mpaka wa siku na wa juma. Amua saa ya kufungua na saa ya kufunga, uwaambie wateja na uwaambie wa nyumbani. Mteja huzoea upesi kuliko tunavyodhani. Akijua kwamba fundi hafungui Dominika, ataleta nguo zake Jumamosi. Sheria ya Kanisa yatutaka Dominika tushiriki Misa na kujiepusha na kazi zinazozuia ibada, furaha ya siku ya Bwana, na pumziko la akili na mwili. Ikiwa kazi yako haikuruhusu kufunga Dominika nzima, basi shika Misa bila kukosa, na uchague nusu siku nyingine katika juma iwe ya jamaa yako.

Pili, tenga fedha za kazi na fedha za nyumba. Mtu asiyejua faida yake hawezi kujua lini amefanya kazi ya kutosha. Andika katika daftari mauzo na matumizi ya kila siku. Jilipe ujira mdogo ulio maalumu, nao ndio utumike nyumbani. Unaobaki uwe mtaji na akiba ya siku za ugonjwa. Bima ya afya nayo ihesabiwe kuwa chombo cha kazi, kama vile wavu au cherehani. Mama yule wa mfano wetu hakuangushwa na malaria peke yake; aliangushwa pia na mkoba mmoja uliobeba mambo yote.

Tatu, katika mwaka wa neema kumbuka mwaka wa njaa. Wakulima wa kakao wamefundishwa jambo hili na soko lenyewe. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la New York ilipanda hata kupita dola 10,000 kwa tani, na mwezi wa Desemba ikapita dola 12,000. Mwaka 2025 ikashuka sana, hata mwishoni mwa mwaka ilikuwa karibu nusu ya hapo. Aliyejenga nyumba imara, akalipa ada na kuweka akiba, alibaki amesimama. Aliyedhani kwamba bei ile itadumu, akakopa kwa kuitegemea, leo anafanya kazi usiku na mchana kuifukuza. Yosefu mwana wa Yakobo aliwaokoa watu wa Misri kwa sababu alitumia miaka saba ya shibe kujiandaa kwa miaka saba ya njaa.

Nne, usifanye peke yako linalowezekana kufanywa na wengi. Hapa ndipo penye jibu la kweli la swali lile, "Nitakula nini?" Maskini mmoja hawezi kujipumzisha, maskini kumi waweza kupumzishana. Wanawake watatu wauzao samaki mahali pamoja waweza kupeana zamu, mmoja auze mali za wote watatu wakati wawili wako Misani au wanauguza mtoto. Chama cha akiba na mikopo, kikiendeshwa kwa uaminifu, humwokoa mtu na mkopeshaji mwenye riba kubwa. Ushirika wa mazao huwapa wakulima wengi nguvu ya kuuza pamoja, ili asiwepo wa kubanwa peke yake shambani na mnunuzi mmoja. Na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zisiwe za kusali tu: ziulize ni nani hakuonekana wiki tatu, na kwa nini. Katika mwambao wa Nyasa Wakatoliki wanaishi pamoja na ndugu zetu Wamoravian na Walutheri. Kazi hii ya kupokezana haiulizi dhehebu. Huu ndio ukwangala wa siku zetu.

Tano, mtoto asaidie, asitumikishwe. Ni vema mtoto ajifunze kazi ya wazazi wake. Bwana Wetu Yesu Kristu mwenyewe alijifunza useremala nyumbani. Lakini saa ya shule ni ya shule, na usiku ni wa usingizi. Mzazi anayesema, "Nafanya haya yote kwa ajili ya mwanangu," huku mwanawe anaanguka masomo kwa uchovu, amekata mti ili achume tunda.

Hatuna budi kusema neno na upande wa pili pia. Wako wanaojiajiri ambao shida yao si kazi nyingi bali ni kazi haba. Hufungua saa nne, hufunga wakiona jua kali, na faida huiacha kilabuni. Hao wasiyachukue maneno yetu kuwa kinga ya uvivu. Mapumziko ni haki ya aliyechoka kwa kazi. Mizani ina sahani mbili.

Na sisi tulio wateja tujitazame. Ni nani anayemfanya mshonaji akeshe usiku wa kuamkia Pasaka, ikiwa si sisi tuliompelekea kitambaa Alhamisi Kuu? Ni nani anayemlazimisha mama wa vyungu abaki sokoni hata giza liingie, ikiwa si sisi tunaopunguza bei hata apate chini ya gharama ya kuni alizochomea? Ni nani anayemnyima fundi nauli ya kwenda kumwona mamaye mgonjwa, ikiwa si sisi tuliochukua kabati na kuahidi kulipa "wiki ijayo"? Ujira wa mtenda kazi ukicheleweshwa ni dhambi, hata kama mtenda kazi huyo hana ofisi wala muhuri. Mtu mmoja mmoja hawezi kushika mpaka ikiwa sisi sote tunauvuka.

Mkulima wa Kyela anapovunja maganda ya kakao, hakimbilii kuanika mbegu juani siku ile ile. Huzivundika kwanza, zikafunikwa kwa majani ya migomba siku kadhaa. Kwa macho ya asiyejua, siku hizo ni za bure. Lakini mnunuzi ajua kwamba kakao isiyovundikwa vizuri haina ladha inayotakiwa. Siku ya Bwana, jioni ya kukaa na jamaa, saa ya kumsikiliza mume au mke, ziko hivyo. Hazionekani katika daftari la mauzo, nazo ndizo zinazoipa kazi yetu yote thamani yake.

Kwa kumaliza, twaomba kila familia ikae pamoja juma hili baada ya chakula cha jioni, baba, mama na watoto, ijibu maswali haya kwa unyofu:

1. Ni lini mara ya mwisho sisi sote tulikula pamoja bila mmoja kukimbilia kazi?

2. Je, twajua faida yetu ya mwezi, na tumeweka kiasi gani kwa ajili ya ugonjwa?

3. Ni nani jirani yetu anayefanya kazi peke yake, ambaye twaweza kupokezana naye zamu?

4. Je, tuna deni kwa fundi au mchuuzi yeyote? Tutalilipa siku gani?

Swali la nne lisiishie katika mazungumzo. Lilipwe kabla ya Dominika ijayo, ili naye aliyetufanyia kazi apate kufunga mlango wake kwa amani na kwenda kumshukuru Mungu. Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi atuombee.